Sita za nini? Bastola, gobore na mnyama wa Ufipa

Asubuhi ya Julai Sumbawanga haina huruma. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, unagonga mabati ya vibanda vya Mazwi, na kikombe cha chai ya tangawizi hukishiki kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimekikumbatia cha kwangu pale kijana mmoja, fundi simu ambaye meza yake iko hatua kumi kutoka kwa mama wa chai, aliponisogezea kioo puani. Kwenye video, mzungu, Mmarekani, mwenye nguo za rangi ya majani makavu kaegemea mti. Mkononi ana bastola yenye mtutu mrefu kama kisu cha buchani. Nguruwe pori anatoka kichakani, bastola inaruka juu, nguruwe analala.

"Kaka, wewe mtu wa magazeti," akasema. "Mtu akitaka kuwinda na kitu kama hiki, anunue ipi? Na risasi zake namba ngapi?"

Jibu fupi ni kwamba hapa kwetu asinunue yoyote. Tanzania hairuhusu kuwinda kwa bastola. Hata mgeni anayelipa maelfu ya dola kufuata nyati huambiwa mapema aiache kwao, maana hataruhusiwa kuingia nayo nchini. Bastola anayomilikishwa raia kwa kibali cha polisi ni ya kujilinda, basi. Nilipomweleza hivyo alinitazama kama mtu aliyeulizia bei ya embe akaambiwa msimu umekwisha.

Lakini lile swali la namba sikuliacha pale kibandani. Ufipa, uwanda huu wa Sumbawanga, ni nchi ambayo watu wamewinda kwa bunduki zenye matundu makubwa kuliko yoyote yanayouzwa dukani leo, na jioni wakarudi nyumbani kula maharage.

Tuanze na namba zenyewe. Ile namba yenye nukta mbele, .240, .375, .44, ni upana wa tundu la mtutu au wa risasi inayopita humo, kwa sehemu za inchi. Wenyewe wanaita kaliba. Kanuni zetu za uwindaji wa kitalii zinamtaka anayefuata wanyama wa hatari kama tembo, nyati na simba awe na bunduki isiyopungua .375, yaani milimita 9.5. Kwa wanyama wengine kiwango cha chini ni .240, milimita 6 na kidogo. Sasa chukua bastola inayopendwa kuliko zote na wawindaji wa Marekani, .44 Magnum. Risasi yake ina upana wa karibu milimita 11. Kwa rula peke yake imevipita viwango vyote viwili, ingefaa hata kwa tembo. Na gobore, ile bunduki ya kizamani ya babu zetu, lenye mdomo unaoingia kidole gumba, lingefaa kwa mnyama ambaye Mungu bado hajamuumba.

Rula inadanganya. Risasi ya kawaida ya .44 ina uzito wa gramu 15 na nusu, na ikitoka kwenye ule mtutu mfupi inakwenda mita 420 hivi kwa sekunde. Risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotoka London mwaka 1912 na ambayo wawindaji wa kulipwa hawajaichoka mpaka leo, ina gramu 19 na inakwenda mita 770 hivi. Uzito umezidi kidogo, mwendo haujafika hata mara mbili. Ila nguvu ya kitu kinachoruka hupanda kwa mwendo uliozidishwa kwa mwendo, na ukipiga hesabu .375 inatoka mdomoni mwa mtutu na jouli zipatazo 5,700, wakati .44 ina 1,400 hivi. Ni robo. Nyati mwenye ngozi, misuli na mbavu za nyati hiyo robo ataichukua, ataondoka nayo, na atarudi kukuuliza.

Hapo najua kuna msomaji atakayenitajia Bell. Naam, W.D.M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua mamia yao kwa bunduki yenye kaliba ya .275 tu, milimita 7. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, akajifunza kuulenga kutoka kila upande. Kanuni haitungwi kwa ajili ya Bell. Inatungwa kwa ajili ya mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi, ambaye mapigo ya moyo wake yanasikika hadi kwa mbeba mizigo.

Basi Mmarekani wa kwenye video anachagua vipi? Nilimwahidi kijana jibu, nikalitafuta. Historia yao si ndefu. Mwaka 1935 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa .357 Magnum, na Douglas Wesson wa familia hiyohiyo akaingia nayo porini kuwinda wanyama wakubwa ili wateja waamini. Miaka ishirini baadaye ikaja .44 Magnum, baada ya mchunga ng'ombe wa Idaho aliyegeuka mwandishi, Elmer Keith, kuwasumbua wenye viwanda kwa muda mrefu kwamba bastola inaweza kufanya zaidi. Mwaka 2003 Smith & Wesson hao hao wakatoa .500, bastola ambayo ukiishika unaanza kujiuliza kwa nini hukununua bunduki moja kwa moja.

Kati ya hizo, .357 ni ya paa mdogo aliye karibu. Hiyo .44 ndiyo ya katikati, na wengi huishia hapo. Kuanzia hapo kwenda juu unalipa kwa mkono, kwa sababu bastola haina kitako cha kuegemea begani na teke lote linaishia kwenye kiganja. Mkono unaoogopa teke hufumba jicho kabla ya kufyatua, na jicho likifumba kaliba haina kazi tena. Ndiyo maana wanaojua hushauri namba ndogo unayoweza kuipiga vizuri kuliko kubwa unayoiogopa. Mtutu wanautaka wa inchi sita hadi nane, usiyumbe na upate mwendo. Na wengi hupenda ile ya kizamani ambayo lazima uivute nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, kama Ruger Super Blackhawk ya mwaka 1959. Ni ya polepole, na hawajali, kwani risasi ya pili mnyama haisubiri. Kisha wanajiwekea mpaka: hatua hamsini, na mia kwa aliyefanya mazoezi ya miaka. Akiwa mbali zaidi, unamwacha aende.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Mmarekani ana bunduki kabatini inayoweza kumlaza mnyama kutoka mita 300. Anaiacha, anakwenda dukani, analipa fedha nyingi kununua ugumu ambao mzee wa Ufipa alirithi bure.

Kwa nini alirithi ugumu, hilo halikuamuliwa Ufipa. Katika miaka ya 1880 bandari ya Zanzibar ilikuwa ikipokea bunduki ambazo balozi wa Uingereza, Euan-Smith, alizikadiria mwaka 1888 kuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya, zilizotupwa baada ya wao kupata bunduki za kujaza kwa nyuma. Zilipanda na misafara hadi Tabora, zikashuka Ujiji, zikavuka Ziwa Tanganyika. Kwenye mwambao huu wa kwetu Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo Karema tangu 1879. Bunduki na pembe za ndovu zilipita njia moja, kila moja ikielekea upande wake.

Kisha mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yakaweka mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vifungu vya silaha. Bunduki za kisasa, zile zenye mifereji ndani ya mtutu inayoifanya risasi ijizungushe kama pia na kwenda mahali pamoja, zikakatazwa kuuzwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachwa ni zile za gumegume, zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Sababu waliyoitoa ilikuwa watumwa. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kuwinda alibakiziwa teknolojia ya enzi za babu yake Mzungu, na Wajerumani na Waingereza waliotawala baadaye hawakuona haja ya kumharakisha. Gobore, au gobole kama wengi wanavyolitamka, halikudumu Rukwa kwa sababu watu walilipenda. Lilidumu kwa sababu lilikuwa ndilo lililoruhusiwa.

Lilidumu pia kwa sababu lilitua kwenye nchi ya wahunzi. Wafipa waliyeyusha chuma kabla hawajaona bunduki, kwenye tanuri refu la udongo waliloliita iluungu, lenye kimo cha mtu na nusu au zaidi, ambalo lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kukanyaga mivukuto. Kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo kabla ya kuwa jembe au mkuki. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mabaki ya matanuri bado yapo mashambani. Watu wenye historia ya namna hiyo nyundo ya bunduki ikivunjika hawaandiki barua kiwandani.

Jumamosi iliyofuata kijana alinipeleka kwa babu yake, mjomba wa mama yake, kijiji kimoja kwenye barabara ya kwenda Muze, kabla haijaanza kuteremka ukingo wa bonde la Rukwa. Babu alitukuta tumesimama nje tunapigwa na upepo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Huyu ndiye anayetaka kununua bastola?"

"Huyu mwandishi, babu. Mnunuzi mimi."

"Basi wote mna fedha za kuchezea. Ingieni."

Gobore lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, limefungwa kwenye kipande cha blanketi. Ukilisimamisha linafika begani kwangu. Kitako kimelainika kwa mikono hadi kinang'aa kama mpini wa jembe, na pale mbao ilipopasuka pamezungushwa waya wa shaba, zamu baada ya zamu, umebanwa vizuri kuliko kazi nyingi za viwandani nilizoziona. Nyundo upande wa kulia, na chini yake ile chuchu ndogo inayovikwa fataki. Mdeki umechomekwa chini ya mtutu, ncha yake imeliwa kwa kushindilia. Linanuka mafuta ya cherehani na masizi. Nilitia kidole gumba mdomoni mwa mtutu, kikaingia.

Bunduki za namna hiyo za jeshi la Waingereza, zenye mdomo wa karibu milimita 19, zilirusha gololi la risasi lenye gramu 32 hivi. Ni uzito wa risasi mbili za .44 kwa mpigo. Ila gololi ni la mviringo na mtutu ni laini, kwa hiyo linatoka likigongagonga kuta na kuchagua lenyewe pa kwenda. Hewa nayo inalichosha haraka. Hatua hamsini ni bahati. Babu hakusoma fizikia ya haya yote, na hakuwa na haja.

"Hatua thelathini," alisema. "Kama husikii anavyotafuna, uko mbali."

Nilimwomba arudie, nikaandika. Kisha nikamuuliza inachukua muda gani kujaza tena baada ya kupiga. Akahesabu kwa vidole: baruti, kizibo, unashindilia, risasi, kizibo tena, unashindilia, fataki. "Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu," akasema. "Kama mikono haitetemeki. Ikitetemeka ongeza Atukuzwe."

Tohe, anasema, ndiye mnyama aliyemfundisha. Uwanda wa Ufipa uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ni wazi, nyasi na mashamba ya mahindi na ulezi, miti ya kujificha michache. Mwenye bunduki ya kisasa angesema ni mahali pazuri, unaona mbali. Mwenye gobore anaona mbali na hawezi kufanya lolote. Anatambaa. Babu alikuwa akitambaa tangu jua halijatoka, upepo usoni, akisimama kila tohe anapoinua kichwa. Siku moja alifika, akasikia kutafuna, akavuta. Fataki ikalia peke yake. Kimya. Tohe akainua kichwa, babu akashusha mtutu ili atazame kuna nini, na hapo ndipo baruti iliyolowa umande ikakumbuka kazi yake. Shimo lililochimbika ardhini, alinionesha kwa mikono, lingetosha kupanda mgomba.

Alicheka sana kwa hilo. Kwa jingine hakucheka. Alimpiga tohe tumboni, mwaka ambao hakuutaja, akamfuata kuanzia asubuhi kwa matone ya damu na nyasi zilizolala, hadi kwenye mawe ya ukingoni, pale unapoiona Rukwa chini imelala kama bati. Giza likaingia. Alipofika kesho yake fisi walikuwa wamemaliza. "Nyama imepotea, hiyo si kitu. Lakini alikaa usiku mzima hai."

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 nayo inamtaka aliyejeruhi mnyama amfuate na kummaliza, na akiwa ni wa hatari atoe taarifa. Sidhani kama babu aliwahi kuisoma. Lakini nikifikiria kaliba zote zile na jouli zote zile, naona hapo ndipo zinapokutania. Wanaobishana juu ya .44 na .500 huko Marekani wanabishana juu ya usiku ule mmoja, hata kama hawautaji.

Nisimpake babu rangi ya malaika. Magobore yamefanya uharibifu Rukwa, na bado yanafanya. Katika msitu wa Mbizi, unaouona ukiwa mjini, kuna mbega wekundu wachache waliosalia, na mbega aliyekaa juu ya mti ni shabaha hata kwa gobore. Bondeni, nyati, nyamera na sheshe wanalipiwa leseni na wageni mchana, na usiku wanafuatwa na watu wasio na leseni wala mpaka wa hatua thelathini. Mengi ya magobore yanayokamatwa si ya urithi kama hili. Ni ya kuunga juzi, kwa bomba na mbao, na hayo huua upande wowote yanaoutaka. Jirani mmoja wa babu alinionesha mkono wenye vidole vitatu, akaurudisha mfukoni, akabadilisha mazungumzo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikubali silaha isiyosajiliwa, ingawa mara kwa mara serikali hutangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari, na yaliyorundikwa mbele ya kamanda wa polisi siku hizo mengi huwa ni magobore.

Na mwananchi anayetaka kula nyamapori kihalali leo? Njia zipo. Uwindaji wa wenyeji una leseni zake, unasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016. Tangu kanuni za mwaka 2020, mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa. Nilipomtajia babu habari ya bucha aliuliza kilo ni bei gani, nikamwambia, akasema atakula maharage.

Kijana muda wote huo alikuwa anasubiri zamu yake. Akatoa simu, akamwonesha babu ile video. Babu aliitazama mara mbili, simu ameishika mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya. Akauliza kama lile ni pori au ni shamba la mtu. Akauliza nguruwe alikuwa hatua ngapi. Kijana akasema labda arobaini.

"Amekaribia vizuri huyu," babu akasema. "Si mjinga. Na hicho kipipa kinachozunguka, zinaingia ngapi?"

"Sita, babu."

"Sita za nini?"

Kijana akafungua kinywa, akakifunga. Akanitazama mimi, mtu wa magazeti. Nami nikajishughulisha na daftari.

Kabla hatujaondoka babu alitaka nione karatasi zake, nisije nikaandika kwamba anaficha silaha. Alizitoa kwenye mfuko wa plastiki wa bluu, ule wa kubebea sokoni, uliokatazwa nchi nzima tangu Juni 2019. Umiliki, namba ya bunduki, mihuri ya miaka na miaka, wino umegeuka zambarau. Vyote viko sawa. Alizikunja karatasi kwa mikunjo ileile ya zamani, akazirudisha kwenye mfuko, akaufunga fundo.

"Kila kitu hapa kina kibali," akasema, "isipokuwa huu mfuko. Usiuandike."

Nimeuandika, mzee wangu. Unisamehe.